Buti nyeusi za kuvuta (S3) za Kariakoo: zinafaa rigini?

Buti hizi zisizo na kamba, za daraja la usalama S3 (zina kofia ya vidole, hazipitishi maji upesi na soli haitoboki kirahisi), zimejaa kwenye maduka ya vifaa vya usalama, Kariakoo mpaka Gerezani, na ndizo wanazokimbilia vijana walioitwa rigini, yaani kwenye mitambo ya kuchimba mafuta na gesi, Mtwara au Uganda. Ngozi yake haina neno. Tatizo ni soli.

Soli ni ya poliuretani, aina ya plastiki laini. Ni nyepesi, haichoshi mguu kwenye zamu ya saa 12, ila joto na unyevu huila hata kiatu kikiwa bado kwenye boksi, na Dar vyote viwili tunavyo. Pea iliyolala stoo miaka kadhaa huvaliwa asubuhi inang'aa, jioni soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, ingiza mkono shingoni, geuza lebo, usome tarehe ya kutengenezwa. Ikizidi miaka miwili, iache. Lebo ikiwa imefutika, kunja kiatu penye vidole mara kumi hivi, kisha chungulia soli inapokutana na ngozi. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, mrudishie mwenyewe.

Kwa yadi na bohari zinatosha. Kwa sakafu ya rigi, tafuta soli ya mpira wa nitrili yenye alama ya HRO: inavumilia mguso wa nyuzijoto 300, na dizeli iliyo kwenye matope ya mafuta (majimaji ya kuchimbia yaliyochanganywa na mafuta) haiilainishi upesi. Ni nzito zaidi, utaisikia kwenye ngazi.

Kofia ya chuma ya vidole hupimwa kwa jouli 200, sawa na kilo 20 kudondoka kutoka mita 1. Bomba moja la kuchimbia la inchi 5 lina karibu kilo 300, kwa hiyo muuzaji akikwambia "hata bomba likuangukie", mcheke tu.

Kutokuwa na kamba kunasaidia kuvua haraka matope yakiingia, lakini kifundo hakishikwi vizuri, na kuna saiti zinazozikataa kwa sababu hiyo. Uliza kabla hujanunua. Chumvi ya matope huacha ukungu mweupe na kupasua ngozi: osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, jaza magazeti, anika kivulini, si juu ya bati.

Jaribu ukiwa na soksi nene, tena palepale dukani, maana kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" kiko ukutani.