Slaidi ya kupimia lenzi za hadubini: inafaa, ila si kwa lenzi ya 100 (inayokuza mara 100)

Slaidi hii niliinunua kwa sababu ya ubishi. Maabara ya kituo chetu cha afya ina hadubini mbili, na mwenzangu wa zamu ya usiku alishikilia kuwa ile mpya ina ukungu. Nikamwambia macho yake yamechoka. Nilikosea, na nimeshamwomba radhi.

Ni kioo chenye mchoro wa USAF 1951 (mchoro wa majaribio wa Jeshi la Anga la Marekani) uliowekwa kwa kromu, umepangwa kwa makundi yenye namba: mistari mitatu ya wima, mitatu ya mlalo, ikizidi kuwa midogo hatua kwa hatua. Kundi la 7 linaishia kwenye mistari ya upana wa mikroni 2.19 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), yaani jozi 228 za mstari na nafasi yake ndani ya milimita moja. Unatafuta hatua ya mwisho ambayo mistari yote mitatu bado inahesabika.

Kwenye lenzi ya 4 hadubini zote zilimaliza kundi la 7. Tatizo lilijitokeza kwenye lenzi ya 40. Kwanza niliweka tone la maji na kioo chembamba cha kufunikia, maana lenzi hiyo imeundwa itazame kupitia kioo cha milimita 0.17, ukisahau, utaisingizia. Ya zamani ilionyesha mistari myeusi tii. Mpya ilionyesha mistari ya kijivu, kama iko nyuma ya moshi. Tulipoifungua lenzi tukakuta mafuta yanayodondoshwa kwa ajili ya lenzi ya 100 yamegandia kioo cha mbele. Tukaisafisha taratibu kwa karatasi ya lenzi, weusi ukarudi.

Ninacholalamikia ni muuzaji kusema inapima lenzi zote. Si kweli. Lenzi ya mafuta iliyoandikwa 100/1.25 (ukuzaji, kisha kipimo cha uwezo wake wa kukusanya mwanga) hutenganisha vitu vilivyoachana kiasi cha mikroni 0.27 tu, kwa hiyo hata ikiwa mbovu itaisoma mistari hii bila shida. Na hiyo ndiyo tunayotafutia vimelea vya malaria! Kwa hiyo lenzi bado natumia slaidi ya damu iliyotiwa rangi vizuri, naangalia kama nukta ya kiini cha kimelea inajitenga na pete yake.

Nyota nne. Ilifika imefungwa gazeti, bila kisanduku, ilhali kromu inaweza kukwaruzika. Tumeitafutia boksi lake, na ufunguo anao mwenzangu wa usiku.