Walbro ya lita 255 ndani ya Impreza WRX: geji ya presha ndiyo shahidi

Niseme mapema: ukinunua pampu ya mafuta ukitarajia gari liongeze mbio, hela yako imekwenda bure. Pampu haiongezi hata nguvu ya farasi mmoja. Kazi yake ni kuhakikisha petroli haipungui pale turbo inapopuliza kwa nguvu zote, na kwa kazi hiyo Walbro GSS342, ile ya lita 255 kwa saa, nimeiridhia.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2004, injini ya lita 2. Nozeli, zile zinazopulizia petroli kwenye injini, nimeshazibadilisha, ni kubwa kidogo kuliko zilizokuja nalo, na busti, yaani presha ya hewa ya turbo, sasa inafika baa 1.25. Pampu ya zamani haikuwa imekufa. Gari lilikuwa linawaka kwa mguso mmoja, linatembea bila kukohoa, na taa ya injini haikuwahi kuwaka. Watu wengi huishia hapo, wanasema mbona pampu ni nzima. Lakini pampu iliyozidiwa haikuambii kitu ukiwa kwenye foleni. Itakuambia ukikanyaga mpaka mwisho, na wakati huo masikio yako yako kwenye turbo.

Ndiyo maana nilifunga geji ya presha ya mafuta kabla ya kununua chochote. Regyuleta ya gari hili, yaani kidhibiti cha presha ya mafuta, inasikiliza manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye injini) kwa kampira kembamba: presha ya msingi ni kama baa 3, na kila baa moja ya busti lazima iongeze baa moja upande wa mafuta, la sivyo hewa iliyoshindiliwa inaipinga petroli mdomoni mwa nozeli na inayopita inapungua. Kwa busti ya 1.25, basi, nataka kuona 4.25 kwenye geji. Tatizo ni kwamba pampu yoyote hutoa mafuta machache kadiri presha inavyopanda. Inadaiwa zaidi wakati ule ule uwezo wake unapopungua.

Pampu ya zamani ilipanda vizuri hadi 3.9, halafu injini ikipita mizunguko 5,500 kwa dakika sindano ya geji ikaanza kurudi taratibu hadi 3.5, busti ikiwa palepale. Sensa ya mchanganyiko, inayosoma uzito wa hewa kwa kila sehemu moja ya petroli, nayo ikahama kutoka 11.2 hadi 12.5, yaani petroli imepungua. Kwa anayeendesha gari lisilo na turbo namba hiyo haitishi, ila chini ya busti petroli ya ziada ndiyo inayopooza chumba cha mwako. Ikipungua, joto linapanda, injini inagonga (mafuta yanalipuka yenyewe ndani ya silinda), na kwenye injini za Subaru mara nyingi kinachovunjika ni vile vikuta vyembamba vinavyotenganisha mifereji ya ringi kwenye pistoni. Hapo si suala la pampu tena, ni kushusha injini nzima.

Kufunga si kazi ngumu. Kiti cha nyuma kinanyanyuliwa, kuna kifuniko cha bati, chini yake plagi, mipira ya mafuta na nati za milimita 8 kuzunguka mdomo wa tenki. Chomoa fyuzi ya pampu kwanza, washa injini iachie presha mpaka izime yenyewe, kisha toa terminali ya betri. Fanyia nje, penye upepo, mbali na sigara na taa za moto. Pampu hii ina umbo karibu sawa na ya kiwandani, inaingia kwenye fremu yake bila kukata kitu.

Pa kuwa makini ni kale kampira kafupi ndani ya tenki, kanakounganisha pampu na bomba la juu. Kanaonekana kama kampira ka kawaida, na fundi mwenye haraka atakata kipande cha mpira wowote wa petroli akifunge. Mpira wa kawaida umetengenezwa kubeba petroli ndani, haukutengenezwa kulala ndani ya petroli. Ukikaa humo unavimba, unalainika, mwisho unapasuka chini ya klipu. Pampu itaendelea kuvuma, presha inarudi tenkini, nawe utalaumu pampu mpya. Tafuta mpira ulioandikwa 30R10, ule wa kuzamishwa, na ufunge kwa klipu za skrubu zenye ukingo laini.

Jambo la pili ni waya. Pampu hii inakula umeme mwingi kuliko ile ya kiwandani, na waya wa gari ni mwembamba na umezeeka. Nilipopima kwenye plagi ya pampu injini ikiwa imekanyagwa, nilipata volti 12.6 huku betri ikisoma 13.9. Volti ikishuka, mota inazunguka polepole na zile lita 255 za kwenye boksi zinabaki kwenye boksi. Nikavuta waya mnene kutoka betri wenye fyuzi yake, nikaweka relei, swichi ya umeme inayoamshwa na waya wa zamani, na kipimo kikapanda hadi 13.6. Kwa maoni yangu, anayeuza pampu hizi bila kutaja waya anauza nusu ya kazi.

Matokeo: geji inapanda hadi 4.2 na kubaki hapo mpaka kompyuta inakata mizunguko. Mchanganyiko hautoki 11.2 hadi 11.4. Gari likiwa limesimama linanguruma tu, presha iko kawaida, regyuleta ya kiwandani inamudu kurudisha mafuta ya ziada. Hii ndiyo sababu sikukimbilia pampu ya lita 450, ambayo inaweza kuishinda regyuleta hiyo na kukulazimisha ununue regyuleta nyingine.

Kelele ipo. Ndani yake ni gia mbili zinazosagana, si feni, na pampu za muundo huo huvuma. Redio ikiwa imezimwa, abiria wa nyuma anaisikia. Mimi sijali, mke wangu anajali.

Angalieni na feki, maana jina likishakuwa kubwa wanaoliiga hawakosekani. Bei ikiwa nusu ya wengine wote, waache nayo.

Na kama mpango wako ni E85, mafuta yenye ethanoli hadi asilimia 85, hii siyo yako. Mafuta hayo yanahitaji takriban theluthi moja zaidi ya ujazo kwa nguvu ile ile, na GSS342 haikutengenezwa kuoga ethanoli. Kuna F90000267 ya kampuni hiyo hiyo kwa kazi hiyo, pamoja na regyuleta na waya wa saizi yake.