Mtoto kaandika "meno", hakupata kitu: uzoefu wangu wa kuweka milisho ya masomo na kisanduku cha kutafuta kwenye tovuti ya shule

Nafundisha sayansi katika shule ya msingi hapa Moshi, upande wa kwenda Kiboriloni, na tangu mwaka juzi ndimi ninayeitunza tovuti ya shule. Ni tovuti ya WordPress, yaani programu ya kutengenezea tovuti, na jina lake linaishia na .sc.tz kama shule nyingine nyingi nchini, na kwa muda mrefu haikuwa na kitu zaidi ya picha za mahafali na namba ya simu ya ofisi. Mwalimu mkuu aliniomba niifanye iwe mahali ambapo mtoto anaweza kusoma jioni kwa simu ya mama yake. Sina muda wa kuandika masomo mapya kila wiki, kwa hiyo nikaamua kuvuta ya wengine: kuunganisha milisho ya tovuti za elimu, halafu kuweka kisanduku cha kutafuta. Nawaandikia walimu wenzangu wanaofikiria kufanya hivyo, maana kuna mambo nilitamani mtu angeniambia mapema.

Mlisho, kwa ambaye hajawahi kuutumia, ni faili dogo ambalo tovuti hulitoa pembeni likiwa na vichwa vya makala mpya, muhtasari na kiungo. Tovuti yako inakwenda kulisoma yenyewe na kukuletea kilichoongezeka. Ni teknolojia ya zamani. RSS, muundo unaotumiwa na milisho mingi, ilianza 1999 na toleo la 2.0 lilitoka 2002, na bado inapiga kazi. Haidai akaunti, haidai malipo, na ni nyepesi kwa bando. WordPress ina bloku yake ya RSS, yaani kipande cha kuongeza kwenye ukurasa: unabandika anwani ya mlisho, unachagua vichwa vingapi vionekane, mwisho 20, unahifadhi. Hata mwalimu anayeogopa kompyuta anaweza. Nilimwonyesha mwenzangu wa darasa la pili mara moja tu, ya pili akaweka mwenyewe.

Msishtuke mkiona kichwa kipya hakitokei papo hapo. WordPress haiendi kusoma mlisho kila mtu anapofungua ukurasa. Hukaa na nakala kwa saa 12 ndipo irudi tena. Siku ya kwanza nilikesha nikifungua na kufunga ukurasa nikidhani nimeharibu kitu. Asubuhi nikakuta kila kitu kipo.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuamini mlisho uliounganishwa umeunganishwa salama daima. Niliweka mlisho wa tovuti moja ndogo ya masomo, nzuri kabisa, iliyokuwa inaandikwa kwa Kiswahili safi. Miezi michache baadaye, Jumapili jioni, simu ikaita. Alikuwa mzazi mmoja anayeuza ndizi soko la Mbuyuni. "Shikamoo Madam. Samahani kwa usumbufu. Hivi shule imeanza kuwafundisha watoto kubeti?" Nikafungua tovuti. Chini ya kichwa "Masomo mapya ya wiki" kulikuwa na mikeka ya uhakika ya leo, mistari mitano, na nembo ya shule juu yake. Mwenye ile tovuti hakuwa amelipia jina lake, likachukuliwa na watu wengine, na anwani ya mlisho ikabaki ileile. Kwangu mimi hakuna kilichobadilika. Kwa mtoto kilibadilika chote. Niliiondoa bloku usiku ule ule, na Jumatatu nikamfuata yule mama sokoni nikamwomba radhi uso kwa uso. Alikuwa amenipa taarifa ambayo mimi ndiye niliyepaswa kuwa nayo.

Tangu siku hiyo hakuna kitu kinachokwenda moja kwa moja kwa watoto. Nilihamia kwenye programu-jalizi (programu ndogo ya kuongezea WordPress uwezo) inayoingiza kila kipande cha mlisho kama rasimu, kikakaa kinanisubiri. Kila Ijumaa baada ya vipindi nakaa na kishikwambi, hivi tulivyopewa walimu baada ya Sensa ya 2022, nasoma rasimu moja moja. Nyingi nazifuta. Nikiona inafaa, nachapisha kichwa, muhtasari na kiungo cha kwenda kwa mwenyewe. Sichukui makala nzima mpaka nione leseni yake. Creative Commons (CC), mfumo wa leseni huria, imerahisisha sana hili, lakini soma herufi: NC maana yake hakuna biashara, ND maana yake usibadilishe, na kutafsiri ni kubadilisha. Kuna walimu wanaoona alama ya CC wakadhani kila kitu ni ruksa.

Na vitu vingine vizuri zaidi havikuja kwa mlisho kabisa. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Niliweka kiungo tu na wazazi wakashukuru. African Storybook, inayoendeshwa na Saide ya Afrika Kusini, ina hadithi fupi za watoto za Kiswahili zenye picha, ziko chini ya leseni huria na unaweza kuzipakua. Darasa la kwanza na la pili wanazipenda kuliko chochote nilichowahi kuwapelekea. Halafu kuna PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye skrini, baadhi yakiwa yametafsiriwa kwa Kiswahili. Wanakupa msimbo mfupi unaubandika kwenye ukurasa, au unapakua jaribio zima na linafanya kazi bila intaneti. Shule yetu ina betri na balbu mbili za kufundishia umeme, zote zimeungua. Siku niliyowaonyesha darasa la sita sakiti kwenye skrini, kijana mmoja aliunganisha waya pande zote mbili za betri bila balbu, moto ukalipuka kwenye skrini, darasa zima likapiga kelele. Nikawaambia rudieni tena. Mimi nisingethubutu kufanya hivyo na betri ya kweli mezani.

Sasa kutafuta, ambako ndiko nilikopoteza muda mwingi na ndiko nilikojifunza zaidi.

Nilidhani kisanduku cha kutafuta ni kisanduku tu. Unaweka bloku, imekwisha. Kwanza nikagundua kwamba vichwa vinavyoonyeshwa na bloku ya RSS havihifadhiwi kwenye tovuti yako, vinapita tu, kwa hiyo kutafuta hakuvioni. Mtoto anakiona kichwa ukurasa wa mbele, anaandika neno lilelile kwenye kisanduku, anaambiwa hakuna. Kuingiza rasimu kulitatua hilo. Nikapumua.

Halafu binti mmoja wa darasa la nne akaja ofisini na simu ya mama yake. "Madam, mbona meno hayapo?" Nikamwambia yapo, niliyaweka mwenyewe wiki iliyopita. Akaandika mbele yangu: m, e, n, o. Hakuna. Nilifungua ukurasa wangu nikausoma kwa utulivu. Kichwa: "Sehemu za jino". Muhtasari: jino lina taji, shingo na mzizi. Neno "meno" halikuwepo hata mara moja.

Utafutaji wa kawaida wa WordPress hulinganisha herufi zilivyofuatana ndani ya kichwa, muhtasari na maandishi ya ukurasa. Haujui maana. Kwa Kiingereza hilo linasaidia, kwa sababu wingi mara nyingi huongezwa mkiani na neno la umoja linabaki zima ndani ya wingi. Kiswahili chetu kinabadilika kichwani. Anayetafuta "mmea" hataiona "mimea". Anayetafuta "ugonjwa" hataona "magonjwa". Kwa muda niliwafundisha watoto ujanja wa kuandika mkia wa neno: andika "mea" utapata mmea na mimea, andika "dudu" utapata mdudu na wadudu, andika "gonjwa" utapata yote mawili. Walifurahi, ikawa kama mchezo. Lakini jicho na macho zinachangia "cho" tu, ukiandika hivyo tovuti nzima inamwagika. Na jino na meno? "No".

Kisha kuna ng'. Kwenye simu moja alama ile inatoka imenyooka, kwenye nyingine inatoka imepinda, na kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Masomo yangu mawili ya mmeng'enyo wa chakula yaliingia na alama iliyopinda, na kila aliyeandika kwa alama iliyonyooka alirudi mikono mitupu. Ng'ombe vivyo hivyo. Niliyatafuta hayo kwa siku mbili kabla sijayaona kwa macho, maana ukitazama haraka yanafanana kabisa.

Na watoto hawaandiki neno moja, wanauliza swali. "Kwa nini mvua inanyesha." Utafutaji unataka maneno yote manne yapatikane kwenye ukurasa mmoja. Maneno madogo ambayo utafutaji huo unajua kuyaruka kwenye tovuti yetu ni ya Kiingereza. "Kwa" na "nini" unayahesabu kama maneno ya maana. Somo zuri la mzunguko wa maji likakosekana kwa sababu mwandishi hakuuliza "nini".

Jaribio langu la kwanza la kutibu lilikuwa kuweka lebo. Nikaandika lebo kwa saa nzima, jino, meno, mdomo, kinywa. Hazikusaidia hata kidogo, kwa sababu utafutaji wa kawaida hausomi lebo. Kwa hiyo mwisho wa kila ukurasa sasa kuna mstari wa maandishi madogo unaoanza "Maneno ya kutafutia", ukiwa na umoja, wingi, kitenzi na nomino zake, na ng' kwa alama zote mbili. Kwa ukurasa wa chakula: meng'enya, mmeng'enyo, umeng'enyaji, tumbo, matumbo, utumbo. Pia naweka swali kamili kama mtoto anavyouliza. Si kitu cha kupendeza kutazama, ila kinafanya kazi, na hakikunigharimu shilingi.

Kazi hii ingenishinda peke yangu. Mwalimu wa Kiswahili aliichukua akaifanya somo la ngeli. Darasa la sita waligawana: kundi moja LI-YA, jingine U-I, jingine KI-VI, kila kundi likapewa kurasa zake na kuorodhesha umoja na wingi wa kila nomino. Walileta madaftari yakiwa na maneno ambayo mimi nisingeyakumbuka. Mmoja alinikumbusha kwamba bibi yake hasemi utumbo mwembamba, anasema chango. Tukaliongeza.

Nilijaribu pia huduma ya Google ya kutengeneza kisanduku chako cha kutafuta, ambamo unaandika orodha ya tovuti unazoziamini na kutafuta kunabaki humo humo. Kwa mwalimu anayeandaa somo ni msaada mkubwa. Nimeiweka kwenye ukurasa wa walimu, inachungulia Wikipedia ya Kiswahili na maktaba nyingine tatu. Kwa watoto sikuiweka, kwa kuwa toleo la bure huja na matangazo, na baada ya ile Jumapili sitaki tangazo lolote nisilolichagua mimi.

Intaneti ikikatika au bando likiisha, tuna Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, kwenye kompyuta moja ya maktaba yenye Wikipedia ya Kiswahili nzima iliyopakuliwa. Iwekeni. Hamtajuta.

Kama unaanza leo, anza na milisho miwili tu ambayo una hakika nani anaiandika, na muda uliobaki upeleke kwenye maneno. Weka pia programu-jalizi inayohifadhi yaliyotafutwa bila jina la mtu, uangalie yale yaliyokosa majibu. Mimi huyanakili kila Ijumaa kwenye daftari la mistari. Mwanzoni ukurasa ulikuwa unajaa: meno, macho, mimea, nyota, ng'ombe. Sasa hivi yanafika machache, na mengi ni ya kweli kabisa, yaani jibu halipo.

Ijumaa hii kulikuwa na moja lililotafutwa mara tatu mfululizo, saa mbili usiku, kila mara limeandikwa tofauti kidogo: "kwa nini mwezi unanifuata", "mwezi unanifata mbona", "mwezi kufuata mtu". Nimepitia milisho yangu yote na vitabu vya kiada, hakuna anayelijibu. Nimeanza kuliandika mwenyewe, na Mlima Kilimanjaro ndio mfano wangu: ukiwa ndani ya daladala kwenda Himo, migomba inakimbia nyuma, mlima unabaki pale pale dirishani.