Longido hadi Moshi kwa siku moja: ziara ya vita vya 1916 ina thamani gani?

Ziara hii ya gari hutoka Arusha mjini saa 12 asubuhi, hupanda barabara ya Namanga hadi Longido, hukata nyika kupitia Tinga Tinga na Ngarenairobi, kisha hushuka Sanya Juu na Boma la Ng'ombe hadi Moshi jioni. Nusu ya kwanza ni kazi nzuri mno, inafaa kulipiwa bila kusita. Nusu ya pili ina haraka na makosa yanayopaswa kusahihishwa.

Ziara inafuata nyayo za kikosi cha Waingereza kilichopigana na Wajerumani hapa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kikaishi miaka mitatu tu: batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, iliyoundwa mwanzoni mwa 1915 na Daniel Patrick Driscoll na kuvunjwa 1918. Mwongozaji huiita "rejimenti" tangu asubuhi hadi jioni. Tofauti si ndogo: rejimenti ya Waingereza ni kama ukoo, batalioni ni nyumba moja ndani yake. Royal Fusiliers waliundwa 1685. Nyumba hii ya 25 ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo tu, ikajazwa wawindaji, walowezi na wazururaji wa dunia, wengi wakiwa wamepita umri wa jeshi. Waliletwa Afrika Mashariki bila mafunzo ya kawaida waliyopewa askari wengine wapya, na Juni 1915 wakawa katika uvamizi wa Bukoba.

Longido ndipo ziara inapong'ara. Ni kilomita 80 hivi kutoka Arusha, lami tupu, kwa hiyo mnafika kabla jua halijachoma. Mwongozaji anaanza na shambulio la tarehe 3 Novemba 1914, miezi mingi kabla batalioni ya 25 haijafika. Waingereza na Wahindi waliupanda mlima, nyumbu wa mizigo (chotara wa punda na farasi) waliobeba maji wakakurupushwa na kutawanyika, na kufikia jioni kikosi kizima kikalazimika kurudi nyuma. Baada ya hapo kila mgeni anapewa dumu la lita 20 lililojaa, alibebe hatua 200 kwenye mteremko wa mawe. Dumu hilo ni kilo 20. Mzigo wa pagazi ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27, tena siku baada ya siku. Hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kufanya kazi ya lile dumu. Tunachoomba ni kwamba wapagazi watajwe na baada ya hapo pia, kwa sababu baada ya Longido wanasahaulika kabisa, na bila wao hakuna Mwingereza wala Mjerumani ambaye angefika popote.

Jambo la pili la kusifiwa ni maganda matatu ya risasi yanayopitishwa mkononi. La Waingereza, .303, lina ukingo uliotokeza kitakoni. Ukilipitisha kidole unakwama. La Mauser ya Kijerumani ya milimita 7.92 halina ukingo, lina mfereji tu. La tatu ni nene, la milimita 11, la bunduki za zamani za baruti nyeusi ambazo askari wengi wa Kijerumani walianzia vita nazo. Baruti ile ilitoa moshi mzito uliomwonyesha adui mpigaji alipo. Ukishayashika hayo matatu huchanganyi tena. Ukiokota ganda njiani, liache palepale na upige picha. Likiwa bado na kichwa cha risasi, usiliguse kabisa.

Kutoka hapo mnafuata njia ya Jenerali Stewart wa Waingereza, ambaye batalioni ya 25 ilikuwa katika divisheni yake. Alitoka Longido tarehe 5 Machi 1916 ili kuzunguka Kilimanjaro upande wa magharibi na kuwafungia Wajerumani mlango wa nyuma, wakati mkuu wake, Jenerali Smuts, akipiga kutoka Taveta. Mwanzo wa njia ni nyika kavu, mbele kuna makorongo. Alifika Moshi tarehe 14. Wenzake walikuwa wameingia tarehe 13, na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alishateremka Kahe. Ndani ya Landkruza linaloyumba kwenye makorongo yaleyale, kuchelewa kule kunaeleweka vizuri zaidi.

Moshi ndiko ziara inakoharibika. Mnafika saa 11 jioni mmechoka, mnapewa dakika 20, na mwongozaji anasema Frederick Selous, mwindaji mashuhuri aliyekuwa ofisa wa batalioni ya 25, aliuawa chini ya Kilimanjaro. Sivyo. Aliuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65, na kaburi lake liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wala batalioni haikuishia Moshi: malaria na kuhara viliimaliza kuliko risasi, ikapelekwa Afrika Kusini kupumzika, ikarudishwa Lindi, na Oktoba 1917 ikapata pigo kubwa kwenye mapigano ya Mahiwa. Kahe, palipopiganwa tarehe 21 Machi 1916, iko jirani tu lakini haimo kwenye ratiba. Afadhali wapunguze mapumziko ya chakula Sanya Juu na kuiweka.

Bei inabeba gari, dizeli, mwongozaji na chakula cha mchana; ada ya kijiji Longido unalipa mwenyewe, beba chenji. Maji ya kunywa lita 3 kwa mtu, kwani baada ya Longido maduka ni ya kubahatisha. Viatu viwe vigumu, miba ya migunga hupenya soli nyembamba. Machi hadi Mei usiende: udongo mweusi wa Tinga Tinga ukilowa hushika tairi hata gari likiwa na gia ya magurudumu manne, na ratiba yote huvunjika hapo. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, ukiwa na kitambaa cha kujifunika pua dhidi ya vumbi.