Duka la Uchapishaji la River Road: Fulana Ni Nzuri, Methali Zisomwe Tena

Chama chetu kilihitaji fulana na bango la mkutano wa mwaka, nasi tukaipeleka kazi hiyo katika duka dogo la uchapishaji pale River Road, Nairobi. Kitambaa ni kizito, rangi haijachujuka hata baada ya kufuliwa, na shilingi 600 kwa fulana ni bei ya haki. Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni jinsi duka hili linavyoshughulikia maandishi, kwa sababu methali iliyoharibika huiharibu fulana nzima.

Kijana wa kompyuta huuliza kabla ya kuchapisha. Alipofika kwenye "Mtegemea cha nduguye hufa maskini", aliniuliza, "Dada, ni maskini ama masikini?" Swali hilo lilinifurahisha sana, maana zote mbili zimo kamusini: neno lilitoka katika Kiarabu bila irabu kati ya s na k, na i iliingizwa na vinywa vya Waswahili wenyewe hadi ikakubalika. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa "ahsante", ambayo h yake ilidondoka katika mazungumzo, na leo hakuna mwalimu anayeikata "asante" kwa kalamu nyekundu.

Hata hivyo, sampuli zilizotundikwa ukutani zinasema "Mvumilivu ula mbivu" na "Haba na haba ujaza kibaba", na wateja wanazinunua hivyo hivyo. Hapa siwezi kulegeza msimamo. H ya "asante" ilikuwa sauti tu, ilhali hu- ya "hula" na "hujaza" ndiyo inayotuambia kwamba jambo hutokea siku zote. Ikiondolewa h, inabaki u- inayosomeka kana kwamba anayeambiwa ni "wewe", na methali inakosa mantiki. Kosa hili limeenea Nairobi nzima, lakini kuenea peke yake hakutoshi kulihalalisha.

Kwenye bango, kijana aligeuza "mamaye" kuwa "mama yake" katika "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu", akidhani anasahihisha. Maana haikupotea, ila mapigo ya methali yalivurugika. Nilipoiona sampuli kwenye WhatsApp nilimweleza, naye akairejesha kwa adabu bila kudai malipo ya ziada.

Atakayekwenda huko apeleke methali zake zikiwa zimeandikwa, aombe sampuli, na aisome herufi kwa herufi kabla ya kulipa salio.