Koti la emitwalo ena

Nianze na video, maana bila ile video ningekuwa bado namsifu huyu dada anayeninunulia nguo Kampala kwa kila anayenisikiliza.

Ni ya sekunde chache tu. Koti la kijivu limetundikwa kwenye msumari, mkono wake unaligeuza nione bitana, halafu vifungo, halafu kile kitambaa cha chapa shingoni. Yeye kimya. Nyuma yake ni makelele ya soko la Owino kama kawaida, mbeba mzigo anapiga mluzi apishwe, na karibu kabisa na simu sauti ya mwanamume aliyechoka inasema: "Nnyabo, emitwalo ena." Kwa Luganda hiyo ni shilingi elfu arobaini. Na chini ya video dada ameniandikia kwa Kiswahili kizuri tu: "Kaka, huyu kakataa katakata kushuka chini ya 75. Nichukue au niache?"

Nikajibu chukua. Nilikuwa kikaoni, simu nimeizima sauti, nikaona koti nikalipenda, nikatuma 75 na ada yake ya elfu kumi, na ya kutolea juu. Jioni ndipo nikamwonyesha mke wangu, safari hii sauti iko juu. Nikairudisha mara tatu. Mke wangu, asiyejua Luganda, ananiuliza mbona unasikiliza koti?

Mimi niko Arua, na nadhani hilo ndilo lililomponza. Ni mtu wa kwetu, ameolewa Kampala, anajua huku tunaongea Kilugbara na Kiswahili, akaona Luganda itatupita tu. Hakujua kwamba niliwahi kupika rolex, zile chapati za mayai, Wandegeya huko huko Kampala miaka kadhaa. Luganda yangu imevunjika mbavu, lakini ukinitajia pesa kwa Luganda huniponyoki.

Kwa wasiomjua: alianza kwa kununulia ndugu zake. Ana jicho yule mtu, sitamdhulumu. Mlima wa mivumba, yaani mitumba, ambao mimi naona matambara, yeye anaingiza mkono na kutoa shati ambalo halijavaliwa hata mara mbili. Kila anayeona anasema "ninunulie na mimi", mpaka akachoka kufanya kazi ya bure, akafungua kundi la WhatsApp na kutangaza bei: elfu kumi kwa kila kipande, nauli ya kifurushi kwenye basi juu yako. Nilishanunua kwake jaketi za watoto na mapazia, sikuwahi kulalamika. Elfu kumi siyo wizi. Kutoka hapa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 400, nani atazifuata kwa ajili ya pazia?

Ugomvi wangu ni ile 35 ya katikati.

Nikampigia. Nilitegemea aseme amekosea, au ajifanye simu haisikiki. Hapana. Alicheka! "Kaka, ulilipia koti au ulilipia kusikiliza mazungumzo yangu?" Nikamuuliza, hiyo elfu 35 ni ya nani. Akasema: "Ni ya kuamka saa kumi usiku. Wewe saa kumi ulikuwa umeamka?" Na simu akakata yeye. Mimi mteja, pesa yangu, nakatiwa simu.

Nilikaa na hasira wiki nzima. Hata serikali ilipoweka kodi ya mobile money mwaka 2018 ilitutangazia wazi: asilimia 1, watu wakapiga kelele, ikashushwa hadi nusu, na mpaka leo ukitoa unajua unakatwa kiasi gani. Huyu anakata karibu nusu ya pesa yako na kukuita kaka. Kama kazi yake ni kupunguza bei, basi kilichopunguzwa ni changu, si ndivyo? Ndicho ninachomlipia elfu kumi. Nilishaandaa kabisa maneno ya kumwanika kwenye kundi. Nyota moja, na hiyo moja ni ya koti.

Maana koti lenyewe… Lilichelewa, ilikuwa kipindi kile daraja la Karuma limefungwa na mabasi yanazungushwa, lakini lilipofika lilinikaa kama nimepimwa na fundi. Siku tulipopeleka mahari ya mdogo wangu, wazee wa upande wa pili walinisalimia mimi kwanza wakidhani ndiye mwenye shughuli. Watu watatu waliniuliza nimelitoa wapi. Niliwaambia Kampala, nikanyamaza.

Halafu nikafanya ujinga. Nilikuwa na safari ya Kampala, nikasema naenda Owino mwenyewe, nimwonyeshe. Nilifika kama saa nne asubuhi, najiona nimewahi. Kumbe mabelo yalishafunguliwa alfajiri, na vizuri vyote vimeshachukuliwa na watu wa aina yake. Nikavutwa mkono huku na huku, kila mtu ananiita boss. Mmoja akaniambia niharakishe, mivumba inaisha, kwani Museveni alishasema anaipiga marufuku. Alisema hayo Mbale mwaka 2023, ndugu yangu, na wewe bado umesimama juu ya rundo! Hata hivyo nilinunua. Akaanza na 120, nikamshusha hadi 80, nikatoka kifua mbele. Usiku, kwenye taa ya nyumba ya wageni, nikaona kwapa la kushoto limeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

Kwa hiyo sijui. Kwake nililipa 85 nikapata koti, peke yangu nililipa 80 nikapata kiraka. Ukipiga hesabu hiyo, yeye ndiye wa bei nafuu, na ndiyo inayoniudhi zaidi. Nyota tatu basi. Lakini angeniambia tu! Angesema ada yangu ni elfu 45, ningenung'unika na ningelipa. Kucheka kwake ndiko kunakonirudia, hasa usiku nikikosa usingizi. Nyota mbili.

Juzi kaniandikia kana kwamba hakuna kilichotokea: "Kaka, kuna viatu namba 43, vinaendana na lile koti. 60." Na picha nne, za pembe zote, soli mpaka kamba.

Nikamwambia anitumie video. Ameona, zile alama mbili ni za bluu tangu jana mchana, na hajajibu.