Darasa la Sauti Langoni: Mwalimu Hodari, Kinanda Kibovu

Mwenye pupa ya kupandisha sauti hatalipenda darasa hili la Langoni, Lamu, kwa maana mwalimu wake hamruhusu mwanafunzi kugusa noti za juu mpaka zile za katikati zitoke bila mkwaruzo. Wanafunzi wengi ni waimbaji wa kasida wanaojiandaa kwa Maulidi, pamoja na waimbaji wa taarabu ya harusini, na karibu wote huja na kasoro moja, nayo ni kuisukuma sauti kwa nguvu za shingo.

Mwalimu huanza kwa kueleza yanayotendeka kooni. Sauti hupanda pale nyuzi za sauti zinapovutwa zikawa ndefu na nyembamba, zikatetemeka upesi zaidi: noti iitwayo La, ile ya 440, ni mitetemo 440 kwa sekunde, na oktava moja juu yake, yaani La ya juu inayofuata, ni 880. Kisha hugawa mirija ya kunywea soda, na kila mmoja huimba kupitia mrija wake, akitoka chini kwenda juu na kurudi bila kukata pumzi. Wageni hucheka, lakini zoezi lina maana, kwa kuwa hewa inayobanwa na mrija hurudisha shinikizo kidogo kooni, nyuzi zikatetemeka bila kugongana kwa nguvu.

Ustadi wake huonekana hasa pale sauti ya kifua, ile nzito ya chini, inapoiachia sauti ya kichwa, ile nyembamba ya juu, mahali ambapo sauti za wanaume wengi hupasuka. Hapo huagiza mwanafunzi aimbe kwa upole, aivute irabu ya "a" kidogo kuelekea "o", na asiinue kidevu. Aliyeinua kidevu huanza upya, hata akiwa mwimbaji mwenye jina mjini.

Kinanda chenyewe kimeshuka karibu nusu noti, na ni aibu kwa darasa la kufundisha sikio. Chumba hakina feni. Ada hulipwa ya mwezi mzima, hata kwa anayesafiri katikati. Wanawake wana kipindi chao cha asubuhi, jambo lililowaleta wengi ambao wasingekuja kabisa.

Anayekusudia kuimba Maulidi ya Mfungo Sita aanze miezi kadhaa kabla, na mwenye sauti iliyokauka kwa wiki tatu au zaidi aonane kwanza na daktari wa koo, kwani mwalimu humrudisha mlangoni.